Sifuri ya Kundi la Nne

Wanafunzi walimwita Hadubini, na mwenyewe alijua. Jina lilitokana na namna alivyokuwa akimtazama mtu juu ya miwani, kwa muda mrefu, kabla ya kusema neno, kama anayesubiri kiumbe kijitokeze. Alikuwa mwalimu wa baiolojia, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, na katika shule ile hakuna aliyekumbuka mwaka ambao hakuwapeleka kidato cha pili mtoni. Walimu wengine waliridhika kuchora viumbe vya majini ubaoni. Yeye alisema samaki wa chaki haliki wala hasomeki.

Binti yake alipofika kidato cha pili aliangukia darasa lake. Wenzake wakampa jina siku ileile: Lenzi, mtoto wa Hadubini. Msichana hakuchukia. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kufuga vitu ambavyo watu wengine huvifagia. Dirishani jikoni kwao kulikuwa na chupa za jemu zenye viwavi ndani, na baba yake, fundi wa majokofu, alikwisha kuzoea kunywa chai huku akitazamana na mabuu. Mama na binti waliweza kukaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba jioni nzima wakibishana kama mdudu fulani ana mabawa manne au mawili, mpaka baba awaulize kama mdudu huyo anajua kupika, maana jiko limepoa.

Shuleni walikuwa na sheria yao. Kuanzia kibanda cha fundi viatu, pale kona, mpaka ndani ya geti, mama alikuwa mwalimu na binti alikuwa mwanafunzi. Jioni wakirudi na kukipita kile kibanda, binti alimshika mkono na kuanza, "Mama, unajua leo…" na hadithi haikuisha mpaka nyumbani.

Mambo yangeendelea hivyo kama si mzaha wa mwalimu wa biashara. Alikuwa mcheshi, mtu asiyeweza kuona walimu wamenyamaza akavumilia. Siku matokeo ya muhula yalipobandikwa, na Lenzi akawa wa kwanza kwenye baiolojia, alisema mbele ya walimu wote kwamba sasa anaelewa siri: mitihani ya baiolojia inasahihishwa jikoni. Watu walicheka. Hadubini naye alicheka. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba, na tangu siku hiyo akabadilika kwa binti yake darasani. Lenzi akinyoosha mkono, alichaguliwa mwingine. Lenzi akikosea herufi moja kwenye jina la kiungo, alama ilikatwa, wakati jirani yake aliyekosea vilevile aliachwa. Mama alijiambia kwamba ndiyo haki. Binti alivumilia, akadhani ndiyo sehemu ya sheria yao, imeongezwa kidogo tu.

Siku ya safari ilikuwa nzuri. Basi la shule liliwashusha darajani asubuhi, umande haujakauka bado. Mtunza maabara, mzee mwembamba aliyesafiri na Hadubini miaka yote, alishusha nyavu, masinia meupe ya plastiki, vijiko, brashi ndogo za rangi na mabuti ya mpira ambayo hayakuwahi kumtosha mtu yeyote barabara. Kijito kilishuka kutoka vilimani, kikapita chini ya daraja la barabara, kikaambaa na mashamba ya mboga, halafu kikapotelea bondeni. Hadubini aliligawa darasa katika makundi matano. Mawili yalikaa upande maji yanakotoka, kabla ya daraja, la tatu chini yake tu, na la nne mbele kidogo, kupita pale mfereji mdogo wa shambani ulipoingia kijitoni. La tano lilipelekwa mbali, bondeni kabisa.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi na ilipendwa na wote, kwa sababu iliruhusu kulowa. Mmoja alisimama majini akishika wavu, mdomo wake ukielekea kule maji yanakotoka. Mwingine alisimama mbele yake akivuruga mawe na mchanga kwa miguu, ili kilichojificha chini king'oke na kuchukuliwa na maji mpaka wavuni. Kisha wavu ulikung'utwa kwenye sinia lenye maji kidogo, watu wakainama kulizunguka. Mwanzoni huonekana takataka tu. Ukitulia, takataka zinaanza kutembea. Hadubini aliwafundisha kwamba mto husimulia hali yake kupitia hao wadogo: kukiwa na mabuu ya kereng'ende na vile vidudu vya mikia mitatu, maji ni mazima. Wakipungua, kuna jambo.

Lenzi alikuwa kundi la nne pamoja na wavulana wawili na rafiki yake aliyeitwa Redio, msichana ambaye hata usingizini alisemekana kutangaza. Walivuruga, wakakung'uta, wakainama. Kwenye sinia kulikuwa na majani yaliyooza, mchanga, na konokono wachache weusi. Wakangoja. Hakuna kilichotembea.

Lenzi alisema wahamie jiwe jingine. Wakahama. Konokono tena. Wakaenda kwenye maji ya kasi, kisha kwenye maji yaliyotulia chini ya mizizi ukingoni, mahali ambapo, kwa maneno ya mama yake, hukosi kitu hata ukitaka. Konokono. Wavulana walianza kurushiana maji. Redio akasema jamani njaa inauma, na jedwali la mwaka jana limebandikwa ukutani maabara, yeye analo kichwani, kwa nini wasiandike tarakimu zinazofanana na zile kisha wakale. Lenzi alikataa. Alisema hawezi kuandika mdudu ambaye hajamwona. Kwenye safu ya wadudu akaandika sifuri, chini yake sifuri, na chini yake tena sifuri. Konokono akawaandika walivyokuwa.

Mchana walikusanyika kwenye nyasi karibu na basi, kila kundi likasoma matokeo yake. Makundi ya juu yalikuwa na wadudu wa kutosha, na la tatu nalo vivyo hivyo. Hadubini akaruka la nne, kwa kuwa Lenzi alikuwa bado anavua mabuti, akaanza na la tano. Kiongozi wao alikuwa mvulana aliyevaa tai hata kwenye safari ya mtoni, na kwa sababu hiyo aliitwa Waziri. Alisoma tarakimu nadhifu, aina moja baada ya nyingine, bila kugugumia. Hadubini alimsifu. Alisema hivyo ndivyo kazi inavyofanywa.

Kisha akamgeukia binti yake. Lenzi alisoma. Aliposema sifuri mara ya tatu, mtu mmoja nyuma aliguna.

"Mna konokono tu?" Hadubini aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Konokono hawakimbii. Ndiyo maana mmewapata."

Darasa lilicheka. Hadubini hakuwa amekusudia mzaha, lakini kicheko kilimsukuma mbele. Akasema juu yao kuna wadudu, chini yao kuna wadudu, sasa wao hapo katikati walikuwa likizo? Wakacheka zaidi. Redio, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alitazama chini.

"Mwalimu, tumerudia," Lenzi alisema. "Hakuna kitu. Njoo uangalie sinia."

Ilikuwa hatua chache tu kutoka pale aliposimama. Sinia lilikuwa kwenye nyasi, maji yake bado yako ndani. Mwalimu mwingine yeyote angekwenda, na yeye mwenyewe, kwa mwanafunzi mwingine yeyote, angekwenda. Lakini dereva alikwisha kuwasha basi, darasa zima lilikuwa linamtazama yeye na mtoto wake, na akilini mwake alimwona mwalimu wa biashara ameegemea meza, anatabasamu.

"Ingia tena," alisema. "Peke yako. Tutakungoja."

Mtunza maabara aliinuka, akasema taratibu kwamba labda yeye alitazame lile sinia kwanza. Hadubini akamwambia amwache. Basi wote wakasimama ukingoni kama watu wanaotazama mechi, na Lenzi akaingia majini bila mabuti, kwa kuwa yalikwisha kufungwa kwenye gunia. Kuvuruga na kushika wavu peke yako si kazi rahisi. Aliteleza, sketi ikalowa mpaka kiunoni. Baadhi walicheka, halafu wakaacha. Alitoka, akakung'uta wavu kwenye sinia, akapiga magoti na kungoja takataka zitulie. Alingoja zaidi ya ilivyohitajika.

"Bado ni sifuri, mwalimu."

"Basi sifuri ndiyo alama yenu," Hadubini alisema, akawaambia wapande basi.

Jioni hiyo walitembea kurudi nyumbani kama kawaida. Walikipita kibanda cha fundi viatu, naye fundi akawasalimia kama kawaida. Mbele kidogo binti akasema, "Mwalimu, nitangulie kununua mkate?" Mama alidhani ulimi umeteleza. Alisubiri ajirekebishe. Binti alisimama akingoja jibu, sketi yake imekaukia matope, na mama akamwambia haya, tangulia.

Mezani baba aliuliza safari ilikuwaje. Binti alimjibu, bila jeuri yoyote, amuulize mwalimu. Baba alimtazama mkewe. Mkewe akasema kundi la binti yake halikufanya kazi vizuri, akaomba apewe chumvi.

Baada ya siku chache neno "mama" lilirudi. Msichana hakuwa mtu wa kununa. Alisaidia kazi, alicheka na baba yake, aliulizwa akajibu. Ila hakushika tena mkono wa mtu pale kona, na zile hadithi zilizokuwa zikianza na "unajua leo" zikakoma. Asubuhi moja baba alitaka sukari, akaikuta kwenye chupa ya viwavi. Aliuliza wenyewe wamehamia wapi. Binti akasema amewaachia kwenye ua wa jirani, wamekuwa wakubwa, wanahitaji nafasi.

Kulikuwa na darasa la pili la kidato kilekile, na safari yao ilifuata muda si mrefu. Kundi la nne la darasa hilo lilipungukiwa na mtu aliyekuwa mgonjwa, kwa hiyo Hadubini alivaa mabuti mwenyewe na kushika wavu. Alifurahi, maana hakuna kitu alichokipenda kama kusimama kwenye maji yanayotembea. Mwanafunzi mmoja akavuruga mawe mbele yake. Walikung'uta, wakainama. Majani, mchanga, konokono.

Aliwaambia wangoje. Wakangoja. Aliwahamisha kwenye maji ya kasi, kisha chini ya mizizi. Mwishowe alipiga magoti mwenyewe juu ya sinia, miwani ikiteleza puani, akigeuza kila jani kwa brashi. Konokono walikuwa wazima, wakijivuta polepole. Wadudu hawakuwapo, hata mmoja. Na hapo ndipo alipokumbuka somo ambalo yeye mwenyewe huliandika ubaoni kila mwaka: kuna dawa za shambani zinazoua wadudu, konokono zikawaacha. Konokono waliobaki peke yao ndio waliokuwa jibu. Binti yake alikuwa amemletea jibu hilo mkononi, limeandikwa vizuri, naye akalifanyia mzaha.

Aliwaacha wanafunzi na mtunza maabara, akaufuata ule mfereji mdogo kwenda juu. Haikuwa mbali. Alimkuta mkulima wa nyanya anasuuza bomba la kupulizia dawa, maji meupe yanateremka mferejini. Mkulima alikuwa mtu mpole. Alisema ameanza kulima pale msimu huo tu, na hakujua kwamba maji yale yanamfikia mtu yeyote. Hadubini alimweleza. Mkulima akaomba radhi, akaahidi kusuuzia shambani mbali na mfereji, na baadaye ilionekana kwamba alitimiza. Jambo hilo liliisha kwa mazungumzo ya kusimama tu. Aliporudi, mtunza maabara alikuwa anafunga nyavu. Hakumtazama usoni.

Siku iliyofuata alimwita Waziri maabara, akamuuliza kundi lake lilipata wapi wale wadudu. Waziri alishika tai yake, kisha akaonyesha ukutani, kwenye jedwali la mwaka uliotangulia. Alilinakili kabla ya safari; mtoni kundi lake lililala kivulini. Hadubini hakumkaripia. Alikosa nguvu ya kumkaripia mtu.

Alimweleza mumewe usiku huo huo, na fundi wa majokofu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie leo," alisema. "Hajalala."

Mama alisema atamwambia Jumapili, akiwa ametulia, apate maneno mazuri. Jumapili walikuja wageni. Wiki iliyofuata ilikuwa ya mitihani, akaona si vizuri kumvuruga mtoto akili. Halafu kulikuwa na ile alama. Kusema kweli kungemlazimu aifute sifuri na kumpa binti yake alama za juu, baada ya mitihani, kwa kalamu yake mwenyewe, na alisikia mapema watakavyosema walimu wenzake kuhusu jikoni. Kila siku ilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilionekana ya maana. Mumewe alimuuliza mara kadhaa, kisha akaacha. Binti, kwa upande wake, alikuwa mchangamfu siku hizo, na mama alipomwona anaimba huku anafua, alijipa moyo kwamba labda yamepita, na akijaribu kuyachimbua atamuumiza bure.

Mwisho wa mwaka wanafunzi wa kidato cha pili walitakiwa kuchagua mchepuo: sayansi, sanaa au biashara. Hadubini hakumuuliza binti yake. Lilikuwa jambo ambalo hata jirani angeweza kulijibu. Alikwisha kumtengea, kichwani mwake, meza ya mbele karibu na dirisha, yenye mwanga mzuri wa hadubini.

Aliyempasha habari ni mwalimu wa biashara. Aliingia ofisi ya walimu na kikombe chake, akamwambia kwa furaha, tena kwa heshima ya kweli, kwamba amempokonya binti. Alisema mtoto yule ana kichwa cha hesabu za biashara, na kwamba alipomuuliza kwa nini anahama baiolojia alijibu tu kwamba anataka somo ambalo ukijumlisha vizuri hakuna wa kubisha.

Hadubini alitoka nje akasimama kwenye korido mpaka kengele ilipolia. Kisha akaenda kwa mwalimu wa taaluma. Huyo alisema mabadiliko yanawezekana kabla ya shule kufungwa, mradi mwanafunzi mwenyewe aje aseme.

Jioni alimkuta binti jikoni anamenya viazi. Alivuta kiti, akakaa, akachukua kisu kingine.

"Ile sifuri yenu ilikuwa ya kweli," alisema.

"Najua, mama. Mimi ndiye niliyeingia majini."

Mama alimweleza juu ya dawa, mfereji na konokono. Binti aliacha kumenya. Kwa muda mfupi uso wake ukawa ule wa zamani, wa ngazi za nyuma ya nyumba. Aliuliza kama ruba nao walibaki, na dawa ilikuwa ya aina gani. Mama alimjibu. Akadhani mambo yanafunguka. Akamwambia anasikitika sana, kwamba alimwonea mbele ya watu, kwamba alitaka kumwambia mapema.

"Ulijua lini?" binti aliuliza.

"Tulipokwenda na darasa la pili."

Msichana alihesabu kichwani. Mama alimwona anahesabu na hakuweza kumzuia.

"Kwa hiyo ulijua kabla sijachagua."

"Nilijua."

"Na kabla ya mitihani."

"Ndiyo, mwanangu."

Binti alichukua kiazi kingine. Mama akamwambia nafasi bado ipo, mwalimu wa taaluma amekubali, waende kesho pamoja. Binti akasema hapana. Hakulia na hakupandisha sauti. Alisema alipokuwa ndani ya yale maji hakuumia sana, kwa sababu alidhani mama yake anaamini kweli kwamba amedanganya, na mtu anaweza kukosea. Alikuwa amejiambia hivyo kila siku.

"Lakini umekaa nayo," alisema. "Tunakula pamoja, umekaa nayo tu."

Walimaliza viazi.

Mwaka mpya ulipoanza, siku ya kwanza na mchepuo wa sayansi, Hadubini alifanya alichopaswa kufanya zamani. Mbele yake walikuwa wengi wa wale waliocheka ukingoni. Aliwasimulia yote bila kujificha: sinia ambalo hakulitazama, konokono, mkulima, na miezi aliyokaa kimya. Alisema alama za kundi la nne amezirekebisha, na walimu wenzake amekwisha kuwaambia kwa nini. Kwa kweli alikuwa amewaambia asubuhi hiyo, na mwalimu wa biashara hakufanya mzaha wowote. Alikoroga chai yake muda mrefu, ingawa sukari ilikwisha kuyeyuka.

Redio, aliyechagua sayansi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, Lenzi yuko chumba cha pili. Nimwite asikie?"

Hadubini alisita, akakubali. Lenzi alikuja akasimama mlangoni, kalamu mkononi. Mama yake aliyarudia maneno yale, mafupi zaidi safari hii, kwa sababu sauti ilikuwa inamtoka vibaya. Alisema kundi la nne lilifanya kazi bora kuliko makundi yote, na kwamba yeye mwalimu ndiye aliyeshindwa kuisoma. Waziri, kwenye dawati lake, aliinamisha kichwa mpaka tai ikagusa meza.

"Asante, mwalimu," Lenzi alisema. Alisubiri kidogo, kwa adabu, kuona kama kuna zaidi. "Naweza kurudi? Tuna jaribio."

Alirudi. Kupitia ukutani ilisikika sauti ya mwalimu wa biashara ikimwambia aketi, aendelee, amebakiza maswali machache.

Alisoma vizuri. Alimaliza shule, akasomea uhasibu, akaajiriwa kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo katika mji mwingine, akasifiwa, akapandishwa cheo. Kila mapumziko alikuja nyumbani, akamtania baba yake kwamba anatengeneza majokofu ya marafiki bure na wageni kwa nusu bei. Kwa mama yake alikuwa binti mwema. Alimpigia simu, alimpeleka hospitali macho yalipoanza kusumbua. Hakuna mtu aliyewatazama ambaye angesema kuna kitu kimepungua.

Kijitoni wadudu walirudi. Msimu mmoja ulitosha wa kwanza kuonekana. Hadubini aliendelea na safari zake, ila alibadilika: kundi lolote likimletea sifuri, aliacha kila kitu, akavaa mabuti na kuingia majini pamoja nalo, hata dereva apige honi namna gani. Wanafunzi wa miaka hiyo walilalamika kwamba wanachelewa kurudi. Karibu kila mara aliwapata wadudu walioponyoka macho ya watoto, akawaonyesha bila kuwasema. Mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu alimwomba binti yake aje nao, hata kama mgeni tu, siku moja. Binti alisema wiki hiyo ofisini wanafunga hesabu, haiwezekani. Ilikuwa kweli, na mama alijua kuwa ni kweli.

Alikuja mwezi uliofuata. Alasiri walikuwa wawili tu nyuma ya nyumba, wakikunja mashuka yaliyokauka, kila mmoja ameshika ncha zake. Mama alikuwa amestaafu wiki hiyo, na labda ndiyo maana aliweza kuuliza.

"Ningekwambia mara tu nilipojua, ungebaki na baiolojia?"

Binti alinyoosha shuka, akasogea na kumkabidhi ncha zake, akainama kuokota sehemu ya katikati.

"Sijui, mama. Nimejiuliza pia. Pengine ningebaki. Pengine kemia ingenishinda mwakani nikakimbia mwenyewe, si unanijua na kemia." Mama alicheka kidogo, na yeye pia. Kisha akasema, "Ila ningependa kuchagua huku najua."

"Naelewa."

"Sina kinyongo. Kazi naipenda."

"Naelewa, mama yangu," alisema Hadubini, akimwita hivyo kama wazazi wanavyowaita binti zao.

Alitamani binti amwambie kwamba angebaki, ili ajue ukubwa wa alichoharibu, au kwamba angeondoka tu, ili apumzike. Hakuambiwa lolote kati ya hayo, na aliona kwamba hataambiwa, kwa sababu binti yake bado alikuwa mtu asiyeweza kuandika asichokiona.

Baba aliita kutoka upande wa pili. Kulikuwa na jokofu la mteja limekwama mlangoni na mgongo wake haukuwa wa kuaminika tena. Wakaweka mashuka juu ya kiti, wakaenda. Binti alishika chini, mama akashika juu, baba akaelekeza kuliko alivyosukuma, na baada ya kubishana kidogo kuhusu upande gani uanze kutoka, likatoka.